Kabari, kifungo na kigingi: kano mpya inavyofungwa ndani ya goti

Hotuba kwa makocha, wachezaji na wazazi, Busia, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), walimu wa michezo, makocha, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma juu ya pikipiki kana kwamba hotuba hii haiwahusu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za mchana.

Niliombwa nizungumze Kiingereza kwa kuwa mambo ya hospitali huzungumzwa Kiingereza. Nikakataa. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda Julai 2022, lakini sisi wa Busia hatukumsubiri waziri. Msamia, Mteso, Mgwe, dereva wa lori aliyetoka Mombasa na mwenzake anayeelekea Kongo, wote hupatana bei kwa Kiswahili. Basi na goti tutapatana kwa Kiswahili.

Mnaona nimekuja na jembe. Msicheke, nitalihitaji.

Wiki tatu zilizopita mzee mmoja aliniletea mwanawe, winga wa timu ya mtaa. Kijana aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kikigeukia upande mwingine, goti likalia "pa!" kama kijiti kikavu. Hakuguswa na mtu. Kufikia jioni goti lilikuwa limejaa kama papai. Wengi wenu hadithi hiyo mnaijua, na wengine mmekaa hapa mkiwa nayo ndani ya suruali. Vipimo vilionyesha kwamba ligamenti ya mbele ya goti, kamba inayofunga mfupa kwa mfupa, ile ambayo vijana huiita ACL, imekatika kabisa. Nikaanza kueleza upasuaji. Mzee akanituliza kwa mkono, akatoa simu, akanionyesha picha ya skrubu nyeupe.

"Daktari," akasema, "nimeuza ng'ombe wawili. Mwanangu umwekee hii inayoyeyuka. Hiyo ya chuma wawekee wengine."

"Mzee wangu," nikamjibu, "jembe lako la nyumbani, kabari yake ni ya mti gani?"

Akanitazama kama anayejiuliza iwapo daktari alilala vizuri. "Kabari? Mti wowote ulio karibu."

"Na mpini?"

"Aa, mpini hapana. Mpini nautafuta mwenyewe, na tundu nalitazama mwenyewe."

Nimekuja hapa kwa sababu ya majibu hayo mawili.

Tuanze na kilichokatika. Ligamenti hii iko katikati kabisa ya goti. Inaanzia juu, upande wa nyuma, kwenye fupa la paja, kisha inashuka kwa mshazari hadi sehemu ya mbele ya muundi. Urefu wake ni kama sentimita 3, na unene wake ni wa kidole cha mwisho cha mkono. Kazi yake ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na kulizuia goti lisijipinde ndani kwa ndani mtu anapogeuka. Mtu anaweza kutembea bila hiyo, kulima bila hiyo, hata kuendesha boda boda bila hiyo. Kinachomshinda ni kukata kona ghafla. Ndiyo maana si kila aliyekatika nampeleka chumba cha upasuaji. Mkulima wa miaka 50 ambaye goti lake halimwachii shambani nampa mazoezi, naye anaridhika. Lakini winga bila kona si winga.

Ikishakatika katikati, kwa kawaida hatuishoni ncha kwa ncha, kwa sababu haishikani vizuri. Tunachukua kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Kwa kutumia kamera ndogo tunatoboa tundu moja kwenye muundi na jingine kwenye fupa la paja, kisha tunaipitisha ile kano kama uzi kwenye sindano. Hadi hapo kazi ni nusu. Kamba imepita kwenye matundu mawili, na mgonjwa anataka kuamka kesho aanze kukunja goti. Nani ataishika isitoke?

Hapo ndipo jembe linapoingia. Kocha, nisaidie kulishika. Mpini umepita kwenye tundu la chuma, na kinachouzuia usicheze ni kipande hiki kidogo cha mti kilichopigiliwa pembeni. Hiyo ni kabari. Njia ya kwanza ya kufunga kano ni hiyo hiyo: skrubu inazungushwa ndani ya tundu la mfupa, sambamba na kano, ikaibana kano ukutani. Haina kichwa, inazama yote. Inaweza kuwa ya titani, ya plastiki ngumu isiyoyeyuka, au ya ile plastiki ya mzee wetu inayoliwa na mwili polepole.

Njia ya pili ni kifungo. Chukua kamba, ifunge katikati ya kijiti kifupi, kisha kisukume kijiti kwa urefu wake kipite kwenye tundu la ukuta. Kikifika upande wa pili, vuta kamba: kijiti kinalala kwa mapana na hakirudi tena. Ndani ya goti kijiti hicho ni kibati cha chuma chenye urefu kama wa punje kubwa ya mchele na nusu yake, kinachokaa juu ya ganda gumu la nje la fupa la paja, na kano inaning'inia chini yake kwa kitanzi cha uzi imara. Vitanzi vingine vina urefu mmoja tu, vingine daktari huvikaza kwa kuvuta.

Njia ya tatu ni kigingi, na hii kila mwenye mbuzi anaijua. Nyuzi zilizoshonwa kwenye ncha ya kano zinatolewa nje ya tundu, zinazungushwa kwenye skrubu iliyopigiliwa kwenye mfupa, zinafungwa fundo. Zipo njia nyingine, kama pini za kukatiza na vibanio vya chuma, lakini nikizitaja zote jua litazama.

Sasa, ipi inashika zaidi? Swali hilo lina umri. Mwaka 1987 Masahiro Kurosaka na wenzake walichapisha utafiti ambao mimi hupenda kuwasomea wanafunzi wangu. Walichukua magoti ya maiti, wakafunga kano kwa njia mbalimbali, wengine kwa vibanio, wengine kwa nyuzi, wengine kwa skrubu, kisha wakavuta kwa mashine hadi kitu kiachie. Kilichoachia ni mahali pa kufungia, si kano. Skrubu nene ya milimita 9 ilizishinda njia nyingine. Tangu siku hizo tunajua kwamba siku ya upasuaji udhaifu hauko kwenye kamba, uko kwenye fundo.

Niwape vipimo vya kubeba akilini. Ligamenti ya kijana mwenye afya, ikivutwa maabara, hukatika kwa nguvu ya nyutoni 2,160 hivi, yaani uzito wa magunia mawili ya mahindi na ushee. Kano za nyuma ya paja zikikunjwa ziwe nyuzi nne na zote zikakazwa sawasawa, hufika karibu magunia manne. Kwa hiyo kamba tunayoweka ina nguvu kuliko ile iliyokatika. Kazi za kila siku, kutembea na kupanda ngazi, zinakadiriwa kulitia goti mvuto usiozidi nyutoni 450, kilo 45 na kitu. Vifungio vizuri vya siku hizi vikifungwa sawa vinaweza kubeba mzigo huo. Vikipewa mechi, hapana.

Lakini vinatakiwa vibebe kwa muda gani? Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Mwaka 1993 Scott Rodeo na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa. Walipitisha kano kwenye tundu la mfupa, kisha wakapima baada ya wiki 2, 4, 8, 12 na 26. Katika wiki za mwanzo, walipovuta, kano ilichomoka kutoka kwenye tundu kama mpini usio na kabari. Kufikia wiki ya 12 haikuchomoka tena. Mfupa ulikuwa umeota nyuzi zake ndani ya kano na kuishika wenyewe. Mtu si mbwa, na goti la mtu lina tabia zake, lakini kalenda hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo: kano kushikana na mfupa, miezi mitatu hivi. Kama kano ilikatwa pamoja na kipande cha mfupa kila upande, mfupa kwa mfupa hushikana mapema zaidi, wiki 6 hadi 8.

Kwa hiyo skrubu, kifungo, kigingi, vyote ni walinzi wa usiku. Zamu yao ni miezi mitatu. Asubuhi ikifika mwenye nyumba anaamka, na mlinzi anabaki amekaa pale getini hana kazi.

Mtaniuliza: kama ni hivyo, mbona madaktari hubishana? Tunabishana kwa sababu kila mlinzi ana ulevi wake.

Kabari inabana karibu na mdomo wa tundu, kwa hiyo kano haichezi sana. Hilo ni jema. Lakini meno yake yanaweza kuikata kano kama haraka imeingia mkononi mwa daktari, na katika mfupa mlaini haina pa kung'ata. Kifungo hakiigusi kano na kinashikilia ganda gumu, kwa hiyo mfupa laini wa ndani haukisumbui. Ubaya wake ni kwamba kiko mbali na mdomo wa tundu, na kano ndefu iliyoning'inia hucheza. Inacheza kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kupanda na kushuka. Wenzetu wa Jinja wamewaona watalii wanaoruka juu ya Mto Nile wakiwa wamefungwa kamba ya mpira miguuni, basi ni hivyo hivyo. Ya pili ni ya kwenda kushoto na kulia, kama waipa ya gari. Tundu hupanuka kidogo. Kwenye picha inatisha. Kwa wagonjwa wengi haibadilishi namna goti linavyofanya kazi, lakini akija kurudia upasuaji daktari wa pili anakuta shimo badala ya tundu. Halafu kifungo kina kosa moja la kijinga: kinaweza kulala juu ya nyama badala ya juu ya mfupa. Daktari anavuta, anahisi kimeshika, kumbe kimekaa kwenye godoro. Mimi siondoki chumbani kabla sijakiona kwa eksirei. Muuguzi wangu huniita mzee wa wasiwasi, na amezoea.

Upande wa chini, kwenye muundi, ndiko kunakonikosesha usingizi. Mfupa wa pale juu ya muundi ni laini kuliko wa paja, na mvuto unakuja moja kwa moja kwenye mstari wa tundu, hakuna kona ya kuupunguza. Nitawaambia lililonipata. Miaka yangu ya mwanzo nilimfanyia upasuaji mama mmoja wa miaka 40 na kitu aliyeanguka kutoka boda boda. Ligamenti mbili zilikuwa zimekwenda. Nilipokuwa natoboa muundi wake, mfupa ulitoka kama muhogo uliochemka, mwororo. Mkono wangu uliniambia. Nikaupuuza. Nikaweka skrubu moja, ikazunguka bila kukaza sana, nikajiambia inatosha. Wiki ya sita mama yule alirudi, nikalivuta goti lake, muundi ukaja mbele wote. Kano haikukatika. Ilikuwa imeteleza kando ya skrubu yangu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Daktari, labda nililima mapema." Hakuwa amelima. Tangu siku hiyo, mfupa ukiniambia muhogo, skrubu inapata mwenzake: nyuzi zinatoka nje na kufungwa kwenye kigingi. Kabari na kigingi pamoja.

Kigingi nacho kina kero yake. Muundi wa mbele hauna nyama, kwa hiyo kichwa cha skrubu hukaa chini ya ngozi na huguswa mtu anapopiga magoti. Wengine huniomba nikitoe baada ya mwaka.

Na kwa kuwa nimegusa kupiga magoti, niseme jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja. Kano ya chini ya pia, yenye vipande vya mfupa juu na chini, ndiyo inayofungika vizuri kuliko zote. Mfupa unabanwa na skrubu ndani ya mfupa, unashikana mapema, na madaktari wengi wa wachezaji wa kulipwa huipenda. Lakini baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu mbele ya goti wanapolipigia magoti. Huko Ulaya mtu hupiga magoti mara ngapi kwa siku? Hapa kwetu binti hupiga magoti kumsalimu baba mkwe, hupiga magoti kumpa mgeni maji ya kunawa. Mwislamu husujudu mara nyingi kila siku. Mkulima hupalilia karanga kwa magoti. Nilikuwa na mchezaji wa netiboli, msichana mwenye kasi ya ajabu, aliyeniambia: "Daktari, uwanjani niko sawa, lakini bibi yangu anadhani nimekuwa na dharau." Yule sikumuuliza kabla kama anapiga magoti nyumbani. Sasa namuuliza kila mtu. Anayepiga magoti sana nampeleka kwenye kano za nyuma ya paja, ingawa ufungaji wake ni mgumu zaidi na kukimbia kwa kasi kunachukua muda kurudi.

Turudi kwa mzee na skrubu yake nyeupe. Inayeyuka, ndiyo, lakini si kama sukari kwenye chai. Inachukua muda mrefu, mara nyingine miaka, na pale ilipokuwa mara nyingi mfupa haujazi tundu lote. Wengine hupata uvimbe wa maji. Na ni dhaifu kuliko titani wakati wa kuizungusha. Inaweza kuvunjika mkononi mwa daktari, nusu ndani, nusu kwenye bisibisi. Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima pamoja, ulilinganisha skrubu zinazoyeyuka na za chuma. Kwa namna wagonjwa wenyewe walivyoyaeleza magoti yao, tofauti haikuonekana. Zinazoyeyuka zilielekea kuwa na matatizo zaidi, pamoja na hilo la kuvunjika. Ushahidi wenyewe walisema si imara, na mimi siuongezei chumvi. Faida ya skrubu isiyo ya chuma ni kwamba haichafui picha ya MRI. Ya titani huacha kivuli kwenye picha, ingawa kuingia nayo kwenye mashine hakuna hatari. Uzuri wa picha ni kitu. Ng'ombe mzima si bei yake.

Nikiwa kwenye hilo, kuna siku tulifungua sanduku la skrubu katikati ya upasuaji tukakuta namba 7 na namba 10 tu. Tundu lilitaka 8. Mgonjwa amelala, kano iko mezani imefunikwa kitambaa chenye maji ya chumvi, na watu wote chumbani wananitazama mimi. Tulifunga kigingi kwa skrubu ya kawaida ya mifupa, ile inayopatikana katika kila chumba cha upasuaji wa mifupa, na nyuzi nzito. Goti lile lipo, linacheza. Sisemi kigingi ni bora. Nasema daktari anayejua njia moja tu ni hatari siku sanduku linapokuwa na upungufu.

Basi kama kabari si tatizo, kano mpya hukatika kwa nini? Kwa mpini na kwa tundu, kama mzee alivyosema. Tundu la fupa la paja likitobolewa mbele mno au wima mno, kano hukaa mahali ambapo haizuii kuzunguka, na hakuna skrubu ya nchi yoyote itakayoliokoa goti hilo. Kano za nyuma ya paja zikiwa nyembamba, chini ya milimita 8, vijana huzikata zaidi. Afadhali kuikunja mara moja zaidi. Na la tatu ninyi makocha mnalijua kuliko mimi.

La tatu ni mwezi wa nne baada ya upasuaji. Mwezi wa nne goti haliumi. Uvimbe umekwisha, kijana anakimbia kwa mstari ulionyooka, fainali ya wilaya iko Jumapili, na kocha anasema, "Dakika ishirini tu." Kumbe ndani, kano mpya ilipowekwa ilikatiwa damu. Chembe zake hufa, mishipa mipya ya damu huingia, inajengwa upya taratibu. Katika miezi hiyo ya mwanzo ni dhaifu kuliko siku ilipowekwa, na ujenzi unaendelea mwaka na zaidi. Utafiti uliofanywa Oslo na Delaware, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Miezi 9, na paja la mguu uliopasuliwa liwe limefikia angalau sehemu 90 kwa 100 za nguvu za mwenzake. Hizo dakika ishirini zako, kocha, nimezirudia kuzipasua mara kadhaa.

Winga wetu atapasuliwa mwezi ujao. Kwa sasa tunasubiri uvimbe uishe na goti linyooke lote, kwa sababu ukipasua goti lililokaza unapata goti lililokaza zaidi. Juu nitamwekea kifungo, chini skrubu ya titani, na nikikuta muhogo, kigingi. Fedha za ng'ombe wa pili nimemwomba mzee azifiche mahali ambapo mwanawe hazioni, ziwe nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo kila wiki. Alifikiri kidogo, akauliza kama wa kwanza naye anaweza kupunguzwa bei. Tunaendelea kupatana.

Naona mkono pale. Ndiyo, mama. Skrubu hutolewa lini? Kwa kawaida haitolewi, mama yangu. Ikikaa kimya, tunaiacha ikae, atazeeka nayo. Na wewe wa pikipiki? Hapana, kijana, haitavutwa na sumaku. Nani alikuambia hivyo?

Haya, yeyote ambaye goti lake humwachia anapogeuka asogee hapa mbele, alale kwenye benchi hili, nilipime hadharani wenzake waone muundi unavyokuja mbele. Aje na suruali ya kukunja. Na kocha, hilo jembe usiondoke nalo. Ni la mwenyeji wetu, nimeahidi kulirudisha kabla ya saa kumi na mbili, na kabari yake imelegea tangu uanze kulizungusha.